Kusafisha

Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
mlango wa buluu uliobanduka rangi:
hapo Fundi Shemdoe alikuwa akisafisha watu.

Sisemi kwa sabuni.
Kwa penseli iliyochongwa hadi ikawa sindano,
jicho moja kalifumba,
kainamia filamu juu ya kioo chenye taa chini yake,
akiitoa ndui shavuni mwa bibi harusi
chembe kwa chembe, kama anayechambua mchele.

"Picha yako nimeisafisha," atakwambia,
nawe hujui anamaanisha nini:
kaitoa kwenye dawa na kuianika,
au kakuondolea ulichozaliwa nacho.
Kitenzi kilikuwa kimoja. Bei zilikuwa mbili.

Mama alilipa ile ya juu.
Nyuma ya bahasha, kwa mwandiko wake wa ngumbaru,
akaandika:

    Nisafishie usowe, usiache hata doa,
    nalo kovu la nyusini, ni wewe wa kulitoa.

Baba hakuwa na habari. Alikuwa Pongwe, zamu ya usiku,
kwenye korona inayokamua mkonge,
ileile iliyompa kovu.

Miaka thelathini akakaa ukutani kwetu Makorora,
nyusi mbili zimetimia,
shati limenyooka kuliko shati lolote alilowahi kuvaa.
Wageni wa msiba walimtazama yeye kwanza, kisha sisi.
"Marehemu hakuwa na ila."

Neno la ajabu hilo, ila.
Likae peke yake, ni dosari.
Litie katikati ya sentensi, ni mlango:
mwema, ila.
Mkarimu, ila siku ya mshahara.
Mama aliupiga mlango huo komeo
na ufunguo akaufunga pindoni mwa khanga.

Wanasema ukipenda, chongo huita kengeza.
Lakini kengeza bado ni kitu,
bado jicho linakwenda upande.
Mama hakubadilisha jina. Alifuta.

Nami nikakirithi kitenzi, pamoja na minyambuliko yake.
Tukamsafisha. Akasafishika.
Tukamsafishia hata maneno:
matusi yakawa utani, kimya kikawa busara.
Nikaolewa na mwanamume niliyemsafisha kwa mkono wangu,
na rangi ilipoanza kumtoka
nikamlaumu yeye, sikuilaumu penseli.

Mama tumemzika mwezi wa Rajabu.
Leo nimekunjua nguo zake, na ndani ya mto,
kati ya sufi na foronya,
nimekuta kitambulisho cha kiwandani:
Singano Mbwana, namba 417, idara ya korona.
Picha ya haraka, haikupita kwa fundi.
Kovu limekata nyusi ya kushoto vipande viwili
kama njia ya mkato katikati ya shamba.

Kidole changu kikakumbuka kabla yangu.
Nikiwa na homa, nimepakatwa,
nilikuwa nakiendesha pale, huku na huku,
"kiri kiri" kama kengele ya baiskeli,
naye anacheka, harufu ya mkonge mbichi imemjaa shingoni.
Ukutani hapakuwa na pa kupita kidole.

Mjukuu wake kaja, kaichungulia kadi.
"Huyu nani?"
Babu yako.
"Siye." Akanyosha mkono kule juu. "Babu yule pale."
Nikakosa la kumjibu.

Ndipo nikaisogeza kadi dirishani, nikaona.
Kote picha ni nyeusi na imara,
ila pale penye kovu.
Pale karatasi imelika, imepauka, imekuwa laini kama kitambaa,
upana wa kidole gumba.
Cha mwanamke. Miaka mingi. Usiku.

Kumbe yule wa ukutani alikuwa wa wageni.

Kitenzi cha huku kusugua sikijui.
Nimekitafuta toka asubuhi,
na foronya bado nimeishika.